Mishono Miwili ya Uzi Mweusi

"Wakazi wote wa jengo hili wanatangaziwa kwamba siku ya Jumatano, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, katika ngazi zinazounganisha ghorofa ya pili na ya tatu, imeokotwa soksi moja (1) ya kiume, rangi ya kijivu, ambayo haijabainika kama ni ya mguu wa kulia au wa kushoto. Mwenye soksi afike kwa Katibu wa Kamati ya Wakazi akiwa na soksi ya pili kama uthibitisho. Baada ya siku saba, soksi hiyo itahesabiwa kuwa mali ya jengo."

Tangazo hilo lilipigwa chapa, likagongwa muhuri, likabandikwa kwa pini nne kwenye ubao ulio mwanzo wa ngazi, kando ya tangazo jingine ambalo kwa miezi minne lilikuwa likiahidi kwamba maji yangefika tena ghorofani hivi karibuni. Wakazi walilisoma kwa ule umakini ambao watu huutunza kwa ajili ya mambo yasiyowahusu, kisha wakapanda zao. Mtu mmoja tu ndiye aliyelisoma mara mbili, ndoo ya maji ikiwa kichwani. Huyo alikuwa mwanamke wa ghorofa ya nne ambaye jengo zima lilimwita Bi Povu, naye aliijua soksi ile kama mtu anavyolijua jino lake lililong'oka.

Kwa miaka kumi na tisa Bi Povu alikuwa dobi wa hospitali kuu. Kisha hospitali ikanunua mashine tatu, ambazo ziliweza kazi ya watu kumi na mmoja na hazikuwa na mama wa kuuguza. Bi Povu alikuwa naye. Mama yake alipigwa na kiharusi kilichomchukua upande mzima wa kushoto, na mwanzoni aliwekwa nyumbani kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Bi Povu, katika chumba cha nyuma ya stoo ambacho kilifungwa kwa kufuli kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa usalama wa mgonjwa. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli, na watu wenye shughuli hufunga milango. Bi Povu alipoliona lile kufuli kwa macho yake hakugombana na mtu. Alikodi mkokoteni, akamlaza mama yake juu ya godoro, akamleta kwake.

"Sawa," kaka alisema siku ile. "Lakini huna kazi, na mgonjwa hali maneno. Nakupa miezi mitatu. Nikija nikute kazi inayoeleweka, si hadithi. Nikikuta hadithi, mama anarudi."

Mgonjwa wa namna ile hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi huanza kuoza angali hai. Kwa hiyo kazi yoyote ya Bi Povu ilipaswa kufanyika umbali wa sauti kutoka kitandani. Alichokijua ni kufua. Basi, kwa kuwa yeye hangeweza kuzifuata nguo, nguo zingemfuata yeye, na miguu ingekuwa ya mtu mwingine. Huo ndio uliokuwa mpango wote wa biashara, na kuna makampuni makubwa yaliyoanzishwa kwa fikra chache zaidi.

Miguu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mume wake wa zamani, ambaye alibaki kuwa shemeji hata baada ya mume kuacha kuwa mume. Shemeji alikuwa na baiskeli, kengele isiyonyamaza na mdomo wa kufanana nayo. Alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya nguo katika mifuko mitupu ya unga: mfuko mmoja bei moja, na bei yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba wateja wa kwanza walihisi ni mtego. Walipoona si mtego walianza kuzikanyagia nguo ndani ya mifuko kwa visigino. Umaskini una ufundi wake wa kukunja.

Ili nguo za huyu zisivaliwe na yule, Bi Povu alimpa kila mteja rangi ya uzi. Mshono mmoja mdogo, ndani ya ukosi wa shati au pindo la gauni: kijani kwa mwalimu wa hesabu wa jengo la jirani, njano kwa muoka mikate, zambarau kwa mzee wa saa. Nyuzi alipewa na fundi cherehani, mabaki ya vigurudumu ndani ya kopo la maziwa. Soksi iliyopotea ilikuwa na uzi wa kijani.

Katibu alimkaribisha mezani, akazipanga soksi mbili sambamba, akazitazama kwa muda ambao haukuhitajika.

"Hii ni ya kiume," alisema.

"Ndiyo, Katibu."

"Na wewe unaishi na mama yako."

"Ni ya mteja. Nafua nguo za watu. Shemeji yangu anazileta kwa baiskeli, mimi nafua, yeye anazirudisha. Hiyo aliidondosha yeye."

"Bila kibali."

"Kufua, au kudondosha?"

Katibu alifikiri. Kanuni za jengo hazikusema neno juu ya lolote kati ya hayo mawili, na jambo hilo lilionekana kumsumbua. Akaushika ule uzi wa kijani kwa kucha.

"Na hii ni nini?"

Bi Povu akamweleza. Katibu alisikiliza hadi mwisho, na uso wake, uliokuwa umekaa kama barua ya onyo, ukalegea kidogo.

"Utaratibu," alisema, kwa sauti ambayo watu hutajia jina la marehemu. "Mke wangu alikuwa na utaratibu. Mimi naloweka, kisha nasahau. Miezi saba sasa." Akautazama mkono wa shati lake, ambao ulithibitisha maelezo hayo. "Shemeji yako apite kesho. Mashati ni manane."

Shemeji alipopata habari aliegemeza baiskeli ukutani ili acheke vizuri.

"Umempata Katibu! Basi kuanzia leo nguo zetu zitagongwa muhuri."

"Wewe dondosha soksi nyingine uone."

"Shemeji, ile soksi niliidondosha makusudi. Wenzako wanalipia redio kutangaza biashara, mimi nimetumia soksi moja ya watu."

"Ungetumia yako."

"Yangu ingefukuza wateja."

Kutoka kitandani mama akatoa sauti ambayo wageni waliidhania kikohozi. Ilikuwa kicheko, nusu ya uso ilicheka na nusu nyingine ikabaki kushuhudia.

Mfano wa Katibu ulifuatwa. Mtu anayetangaza soksi kwa muhuri hadhaniwi kukabidhi mashati yake ovyo, na katika siku mbili tatu mifuko ilifika kumi na tisa. Bi Povu alipandisha maji tangu alfajiri, akafua kwa mabeseni mawili na pipa moja, akaanika juu ya paa na kushuka mbio kumgeuza mama. "Unanigeuza kama godoro lililokojolewa," mama alilalamika kwa nusu ya mdomo wake, lakini ngozi yake ilikuwa nzima. Ile miezi mitatu ya kaka ilikuwa imebakiza siku kumi na nane. Kwa mara ya kwanza Bi Povu alithubutu kufikiria kaka yake akipanda zile ngazi.

Kilichoisha ni rangi. Siku aliyoanza mashati ya Katibu, kopo lilikuwa na uzi mweusi peke yake. Angeweza kumtuma shemeji kwa fundi. Lakini mama alikuwa anahitaji kugeuzwa, pasi ilikuwa imeshika moto, na uzi ni uzi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ukiwa mgongoni mwa mama, akashona huku akimsikiliza mama akieleza ndoto isiyo na kichwa wala miguu. Mashati manane. Hakuangalia. Wasemao kwamba mazoea yana tabu husema hivyo juu ya watu. Hawajawahi kuchunguza mazoea ya mkono, ambao hauna aibu wala kumbukumbu ya kufukuzwa kazi.

Katika ufuaji wa hospitali kulikuwa na alama moja tu iliyoshonwa kwa uzi mweusi, mishono miwili, ndani ya ukosi. Ilimaanisha kwamba mwenye nguo harudi kuivaa. Nguo isipelekwe wodini, ikakae dirishani kusubiri ndugu. Majina yalishuka kila asubuhi saa mbili pamoja na mifuko, katika orodha iliyoandikwa na muuguzi wa zamu. Yalikuwa majina ya waliokufa usiku, na, kwa kuwa muuguzi wa zamu alikuwa na kazi nyingi na hakupenda kuandika orodha mara mbili, yalikuwa pia majina ya wale ambao kwa maoni yake wasingefika jioni. Hakukosea mara nyingi. Bi Povu alikuwa ameshona mishono hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Mashati yalirudishwa Ijumaa. Jumamosi mchana Katibu alibisha hodi mlangoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa mkazi yeyote bila barua ya kutangulia. Alikuwa ameshika shati lake jeupe na gauni la kike la bluu. Aliomba radhi kwa mgonjwa, akavitandaza vyote viwili mwishoni mwa kitanda, akazipindua kosi mbili nje.

"Dada," alisema, "naomba unisomee maandishi haya."

Bi Povu aliona shati kwanza, kisha gauni. Mshono ni kama mwandiko. Mtu huujua wake. Yote miwili ilikuwa kazi yake.

"Shati ni kosa, Katibu. Rangi ziliniishia, mkono ukafanya ulichozoea."

"Ulichozoea ni nini?"

Akamwambia. Hakuona njia ya kutomwambia mtu aliyeuliza kwa adabu vile. Katibu alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia taarifa ya kikao alichokosa.

"Kwa hiyo mimi narudi," alisema.

"Unarudi, Katibu."

"Na hili la mke wangu?"

"Hilo halikuwa kosa."

Nje, kwenye ukumbi, shemeji alikuwa amefika na mifuko miwili begani, akasimama.

"Siku ile nilifika wodini saa nne asubuhi," Katibu alisema. "Muuguzi akaniambia mgonjwa anaendelea vizuri. Akasema nguo yake imepelekwa kufuliwa, niende nyumbani nikalete nyingine. Nikaenda. Nikatafuta gauni, nikalipiga pasi. Sijui kupiga pasi, nililiunguza kidogo pindoni, nikaanza na jingine. Niliporudi ilikuwa saa tisa. Wakaniambia amefariki saa nane." Aliweka kidole karibu na mshono, bila kuugusa. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Huu ulishonwa asubuhi, au baadaye?"

Mama, kitandani, aligeuza jicho lake zima kumwelekea binti yake. Alikuwa amezisikia habari za ile orodha ya saa mbili asubuhi katika jioni nyingi za zamani, wakati wa kumenya vitunguu.

"Baadaye," Bi Povu alisema. "Tulikuwa tunashona jioni, kazi ikiisha."

"Jioni."

"Jioni, Katibu. Asubuhi hakuna aliyekuwa anajua."

Katibu alishukuru. Aliomba mishono ya shati iondolewe, na Bi Povu akaikata kwa wembe pale pale. Alipolinyooshea mkono gauni, Katibu akalivuta. "Hili liache," alisema, akalikunja vibaya na kuondoka.

"Umefua na hilo," mama alisema mlango ulipofungwa.

"Ungenitaka nimwambie?"

"Sijasema umekosea. Nimesema umelifua."

Shemeji alikuwa ameyasikia yote, lakini kilichobaki kichwani mwake ni sehemu iliyofaa kusimuliwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na safari kumi na tisa za kugonga milango na utani mmoja mpya. Kwa muoka mikate alisema, "Kagueni kosi zenu, mkiona mishono miwili myeusi muandike wosia." Muoka mikate akauliza uzi wake wa njano una maana gani. "Njano ni wa kusubiri," shemeji akajibu, akapiga kengele na kuondoka.

Kufikia Jumatano jengo zima lilikuwa limegeuza nguo zake ndani nje. Mzee wa saa alimrudishia mfuko akasema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," ambayo ni methali nzuri, na kama methali nyingi nzuri huwa haihitaji ushahidi. Wengine walisema Bi Povu ananunua nguo za maiti kwa bei ya chini, ndiyo maana bei yake nayo ni ya chini. Wengine walisema hospitali humletea mifuko kwa siri na beseni ni lile lile moja. Wachache walisema alikuwa anajua kabla. Hilo lilikuwa karibu na ukweli kuliko mengine yote, kwa hiyo ndilo lililoaminiwa kwa shida zaidi. Hata hivyo mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza alipanda kimyakimya kuuliza kama kuna dalili yoyote kuhusu mume wake, ambaye alikuwa mzima kabisa. Alipojibiwa kwamba hakuna, alishuka taratibu kuliko alivyopanda.

Mifuko kumi na tisa ikawa kumi na mmoja, ikawa sita.

"Shemeji, nilikuwa natania," shemeji alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kengele imenyamaza.

"Najua."

"Nitapita mlango kwa mlango niwaambie ni uongo."

"Ukiwaambia ni uongo watajua ni kweli. Kaa kimya. Watachoka."

Huenda wangechoka. Watu huchoka hata na misiba yao wenyewe. Lakini Katibu alikuwa mtu wa haki, na jambo hilo halikuwa na tiba. Alipanda tena, safari hii akiwa na barua.

"Nimeitisha kikao cha dharura," alisema. "Jina lako limechafuliwa, tena kwa jambo ambalo chanzo chake ni shati langu. Kamati italisafisha."

"Katibu, nakuomba. Usiandike chochote. Likiachwa, litapoa lenyewe."

"Jambo lisiloandikwa haliishi, dada."

"Ndivyo hivyo. Naomba lisiandikwe."

Katibu alimtazama kwa huruma ya kweli, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeogopa sindano. "Wewe uliniambia ukweli nilipouliza," alisema. "Nami nitasema ukweli kwa niaba yako." Bi Povu alikuwa na jibu moja tu la hilo, na lingemuua mtu.

Kamati ilikaa Jumamosi, watu saba, kwa saa tatu na nusu. Inasemwa penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo ni wazi hakuwa amewahi kukaa kwenye kamati.

Jumapili, siku ya mwisho ya ile miezi mitatu, kaka alifika. Alimsalimia mama, akaketi kwenye kiti pekee, akayatazama mabeseni. Moja lilikuwa kavu.

"Mifuko mingapi?"

"Mitatu."

"Kwa siku?"

"Mitatu, kaka. Wiki mbili zilizopita ilikuwa kumi na tisa."

"Mwenye duka hapo chini ameniambia habari za nguo za maiti. Sikuuliza, dada yangu. Nilikuwa nanunua kiberiti."

"Si kweli."

"Sisemi ni kweli. Nasema muuza kiberiti anaijua." Alijisugua magoti. Hakuonekana kufurahi, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. "Mama hawezi kulala hapa akisubiri watu wasahau."

"Nipe mwezi mmoja. Kamati ilikaa jana, inatoa uamuzi leo. Wakinisafisha, wateja watarudi."

Alisema hivyo bila kuamini, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusema. Kaka alikunja uso.

"Huo uamuzi uko wapi?"

"Utabandikwa chini, kwenye ubao."

"Basi nitausoma tukishuka. Ukinishawishi, tutampandisha tena. Mikokoteni inalipwa kwa saa, na wangu unasubiri."

Mama akauliza swali lake kwa nusu ya mdomo, polepole, ili lisieleweke vibaya: "Mlango utafungwa?"

"Kwa usalama wako, mama," kaka alisema, akaangalia pembeni.

Walimkalisha kwenye kiti, kaka mbele, shemeji nyuma, Bi Povu ubavuni akishika mkono usiohisi kitu. Ghorofa nne. Katika kila ghorofa milango ilifunguka kidogo na kufungwa. Chini ya ngazi walikuta watu kama kumi na watano wamekusanyika, baadhi wakiwa wageni ambao hawakuwa wamesikia jambo lolote hadi asubuhi hiyo, na Katibu, amevaa shati jeupe, akikandamiza pini ya nne. Aliwaomba wasubiri kidogo. Kisha akajisogeza kando, akampa Bi Povu tabasamu dogo la mtu aliyelipa deni, na wote wakasoma:

"Kamati ya Wakazi, katika kikao chake cha dharura, baada ya kuchunguza nguo mia moja na nne, imeamua kama ifuatavyo. Kwanza, hakuna ushahidi kwamba Dobi wa ghorofa ya nne anafua nguo za marehemu ndani ya jengo hili. Pili, hakuna ushahidi kwamba Dobi huyo anajua tarehe ya kufa ya mkazi yeyote, na wakazi wanaombwa wasiendelee kumuuliza. Tatu, ili kuondoa hofu, kuanzia leo nguo za wateja wote zitawekwa alama kwa uzi wa rangi moja, ambayo itakuwa nyeupe. Nne, uamuzi huu utabandikwa katika kila ghorofa kwa muda wa siku tisini, na nakala zake zitapelekwa kwa majengo yote ya jirani ambayo huenda hayajapata habari hizi. Kamati inamtakia Dobi mafanikio katika biashara yake. Uamuzi huu ni wa mwisho."